Nani Mwenye Neno? Mwanamke Mtabiri kutoka Delphi hadi Singida

Utangulizi

Istilahi zinazotumika katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili kumtaja mwanamke anayesema yajayo ni nyingi, na wingi huo umeficha tatizo. Nabii wa kike, mtabiri, mwaguzi, kahini, mpiga ramli, mganga, mwenye pepo: majina haya hupokezana kana kwamba yote yanataja dhima moja. Mhakiki akikutana na bibi anayeonya juu ya njaa katika ngano, au na mwanamke aliyepandisha pepo katika tamthiliya, huwaweka wote wawili chini ya kichwa kimoja, "motifu ya utabiri", kisha huendelea na mengine. Makala haya yanadai kuwa swali la nani alitabiri, na alitabiri nini, lina uzito mdogo kuliko swali linalofuata: neno likishatoka kinywani mwa mwanamke huyo, ni nani mwenye haki ya kusema maana yake?

Hoja hiyo inachunguzwa kwa kuweka pamoja matini za aina tatu: masimulizi ya Wagiriki na Warumi wa kale kuhusu wanawake wa mahekalu ya utabiri, simulizi ya Liti Kidanka wa Wanyaturu wa Singida, na tamthiliya ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile (1969). Wagiriki hawakuchaguliwa kwa sababu simulizi za uwanda wa kati zinahitaji muhuri wa Athens. Wamechaguliwa kwa sababu maandishi yao yametunza, kuliko mengi mengine, kumbukumbu ya mambo yanayotokea kati ya kinywa cha mwanamke na kalamu ya mwanamume. Niongeze pia, kwa kuwa swali hili huulizwa kila mara mbele ya hadhira ya hapa, kwamba mfanano wa majina ya Dodoma na Dodona, hekalu la kale la Zeus kaskazini magharibi mwa Ugiriki, ni wa sauti tu. Jina la Dodoma huelezwa kwa neno la Kigogo la kuzama, na simulizi ya tembo aliyezama hapo inajulikana na kila mtoto wa mji huu.

Kiti na anayekikalia

Katika Kiswahili cha pwani, mtu anayepandwa na pepo huitwa kiti. Jina hilo lina nadharia nzima ndani yake. Anayenena ni pepo; anayeelewa na kujibizana naye ni mganga au fundi; mwanamke mwenyewe ni mahali pa kukalia. Akizinduka huelezwa alichokisema, naye husikiliza kama mgeni. Huko Delphi, mwanamke aliyeitwa Pythia aliketi juu ya kigoda cha miguu mitatu ndani ya hekalu la Apollo na kutoa majibu kwa wafalme, wajumbe wa miji na watu binafsi. Wagiriki walimkalisha mwanamke juu ya kiti. Lugha yetu imekwenda hatua moja mbele na kumfanya kiti chenyewe.

Kwa muda mrefu picha iliyotawala kuhusu Pythia haikuwa mbali na ya kiti cha pepo. Ilisemwa kuwa alipagawa, akapiga kelele zisizo na mpangilio, kisha makuhani wanaume wakazigeuza kelele hizo kuwa beti. Plutarch, ambaye alikuwa kuhani hapo Delphi mwishoni mwa karne ya 1 BK na mwanzoni mwa karne ya 2, anatupa taarifa muhimu: Pythia wa zama zake alitoka katika nyumba ya wakulima maskini na hakuletwa hekaluni kwa sababu ya elimu au ufundi wowote. Wasomaji wengi walichukua taarifa hiyo kuwa ushahidi kwamba mwanamke wa namna hiyo hawezi kuwa mtunzi wa majibu yake. Joseph Fontenrose (1978) aliitikisa picha hiyo kwa kuonesha kuwa ushahidi wa Pythia mwenye kuweweseka ni mdogo sana. Lisa Maurizio (1995) alikwenda mbali zaidi. Alidai kuwa hakuna chanzo cha kale kinachoonesha makuhani wakiunda upya maneno ya Pythia, na kwamba Pythia mwenyewe ndiye aliyenena.

Hoja ya Maurizio inatuhusu moja kwa moja, kwa kuwa aliijenga kwa nadharia za kianthropolojia kuhusu upagawaji, na sehemu nzito ya nadharia hizo ilitokana na tafiti zilizofanyika Afrika. Hapa pana kejeli isiyopaswa kupita kimya. Mwanamke wa Afrika aliyepandwa na pepo amesaidia kumrudishia Pythia umiliki wa neno lake. Lakini katika uhakiki mwingi wa fasihi yetu, mwanamke huyohuyo wa Afrika bado ni kiti.

Majina nayo yanasema. Kwa karne nyingi wanawake waliokaa juu ya kigoda kile walitajwa kwa cheo tu. Herodotus anatupa machache. Perialla anatajwa kwa sababu alishawishiwa kutoa jibu la uongo lililomnufaisha Cleomenes, mfalme wa Sparta, na akapoteza wadhifa wake. Aristonice anatajwa kwa sababu aliwajibu Waathens walipokabiliwa na jeshi la Uajemi mwaka 480 KK. Majibu yaliyopatikana yalikuwa mawili: la kwanza lilikuwa la maangamizi matupu, la pili, walipoomba tena, lilitaja ukuta wa mti ambao hautaanguka. Mjadala uliofuata Athens ndio unaostahili kusomwa taratibu. Wafasiri wa kitaalamu walisema neno lile lilikuwa onyo wasipigane baharini. Themistocles akasema ukuta wa mti ni merikebu, na baraza likamfuata. Ushindi wa Salamis uliandikwa kwa jina lake. Katika mjadala huo wote, hakuna aliyependekeza warudi kumwuliza Aristonice alikusudia nini.

Msomaji wa Kiswahili alipata nafasi ya kukutana na Delphi katika lugha yake mwaka 1971, Samuel Mushi alipotafsiri tamthiliya ya Sophocles kwa jina la Mfalme Edipode. Katika mchezo huo Pythia haonekani kabisa. Creon anatumwa, anarudi, na anachokileta ni neno la Apollo, kana kwamba hakuna kinywa kilicholisema. Mhusika pekee anayekumbuka kuwa kati ya mungu na msikilizaji kuna mtu ni Jocasta, ambaye anabainisha kwamba utabiri aliopewa Laius haukutoka kwa Apollo mwenyewe bali kwa watumishi wake. Wahakiki humlaumu kwa kufuru, na ni kweli kwamba matukio yanamkanusha. Hata hivyo, kuhusu njia ambayo neno lilipita, yeye peke yake ndiye aliyeona sawasawa.

Vitabu bila mwandishi, na mwandishi bila wasomaji

Roma ilitatua tatizo la mwanamke mtabiri kwa kumwondoa na kubaki na vitabu vyake. Simulizi inayojulikana zaidi ni ya Sibyl aliyemletea mfalme Tarquinius vitabu tisa. Mfalme alipokataa bei, mwanamke akachoma vitatu na kudai bei ileile; akakataliwa, akachoma vingine vitatu; vitatu vilivyobaki vikanunuliwa kwa bei ya vyote tisa. Baada ya hapo mwanamke anatoweka katika simulizi. Vitabu vikawekwa katika hekalu la Jupiter chini ya bodi ya wanaume, wawili mwanzoni, kisha kumi, hatimaye kumi na watano, nao hawakuruhusiwa kuvifungua isipokuwa kwa amri ya Seneti. Hekalu lilipoungua mwaka 83 KK na vitabu kuteketea, wajumbe walitumwa kukusanya beti nyingine kutoka Erythrae na kwingineko. Kwa Seneti, basi, kilichohitajika ni mkusanyo ulio chini ya ulinzi, na mwanamke aliye hai hakuwa sehemu yake. Virgil anaonekana kulihisi jambo hili: katika kitabu cha sita cha Aeneid, Aeneas anamwomba Sibyl wa Cumae asiandike utabiri wake juu ya majani yanayopeperushwa na upepo, bali aseme kwa kinywa chake mwenyewe.

Cassandra ni tofauti na hawa wote, na ndiye anayestahili nafasi kubwa zaidi katika mjadala huu. Yeye hahitaji mfasiri. Anaona, anasema, na anaeleza maana ya anachokisema. Adhabu aliyopewa na Apollo ni kutoaminiwa. Katika Agamemnon ya Aeschylus (458 KK) amekaa kimya juu ya gari la mateka huku Clytemnestra akimwamuru ashuke. Clytemnestra anashuku kuwa mateka huyu ana lugha ya kigeni isiyoeleweka, kama mbayuwayu. Kiitikio kinasema mgeni huyu anaonekana kuhitaji mkalimani. Kisha Cassandra anafungua kinywa, na inadhihirika kuwa Kigiriki anakijua vizuri kabisa. Anapolalamika kuwa anaijua mno lugha yao lakini haeleweki, kiitikio kinamjibu kuwa hata majibu ya Delphi ni ya Kigiriki, nayo ni magumu. Tatizo, kwa hiyo, halikuwa lugha. Dhana ya kuwepo kwa mkalimani ilikuwa njia ya kutosikiliza iliyovaa sura ya heshima.

Herodotus ana simulizi nyingine ya namna hii kuhusu Dodona. Inasemwa kuwa hekalu lile lilianzishwa na njiwa mweusi aliyeruka kutoka Thebes ya Misri na kunena kwa sauti ya binadamu. Herodotus anaeleza kuwa njiwa huyo alikuwa mwanamke aliyetekwa Misri na kuuzwa Ugiriki: aliitwa ndege kwa sababu lugha yake haikueleweka, na ikasemwa ndege amenena kama mtu pale alipojifunza Kigiriki. Weusi wa njiwa, anasema, unaonesha kuwa alikuwa Mmisri. Hapa mwanamke mtabiri ni mateka, ni mweusi, ni Mwafrika, na anahesabiwa kuwa binadamu siku anapoanza kusema lugha ya wenyeji wake. Ufafanuzi huu wa Herodotus haukuandikwa kwa ajili yetu, lakini ni vigumu kuusoma katika uwanda huu bila kusimama kidogo.

Liti na nyuki

Liti Kidanka alikuwa mwanamke wa Kinyaturu, mganga na kiongozi, aliyewapinga Wajerumani katika eneo la Singida mwanzoni mwa karne ya 20 hadi alipouawa. Marguerite Jellicoe aliandika juu ya upinzani huo wa Wanyaturu katika jarida la Tanzania Notes and Records mwaka 1969. Leo jina lake linabebwa na uwanja wa mpira wa mjini Singida, uliokuwa ukiitwa Namfua. Kiini cha simulizi yake kinajulikana hata kwa wasiojua lolote jingine: Liti alikuwa na nguvu juu ya nyuki, akawatuma dhidi ya askari wa Kijerumani, na nyuki wakatii.

Mhakiki aliyesoma Wagiriki anapata kishawishi mara moja. Pindar anamwita Pythia nyuki wa Delphi. Katika utenzi wa kale wa kumsifu Hermes wanatajwa mabikira watatu wenye asili ya nyuki, wanaosema kweli wakila asali na kudanganya wakinyimwa. Singida, kwa upande wake, ni nchi ya mizinga na asali. Ingetosha kuandika kuwa nyuki ni ishara ya pamoja ya utabiri wa kike, na makala ingeishia hapo. Kosa lake lingekuwa kutotazama sarufi. Kwa Wagiriki nyuki ni mwanamke mwenyewe: analishwa kitu kitamu kutoka nje, kisha anatoa neno. Ni chombo, ni kiti kwa jina jingine. Katika simulizi ya Liti, nyuki si Liti. Nyuki ni jeshi, na Liti ni mwenye kuamuru. Kitenzi kikuu cha simulizi si kutabiri, wala si kupagawa; ni kutuma.

Tofauti hiyo inaeleweka vizuri zaidi tukiiweka karibu na majirani zake wa uwanda wa kati. Peter Rigby (1968) alieleza ibada za utakaso za Wagogo ambamo, ugonjwa unapoikumba nchi au mifugo, wanawake huvaa mavazi ya wanaume, hushika silaha zao, huchunga ng'ombe, na kuufukuza uchafu hadi mpakani. Ni tendo la nguvu kubwa, lakini wanawake hao hawafahamiki kwa neno lolote walilolisema. Kaskazini zaidi, kwa Waihanzu, Todd Sanders (2008) anaonesha kuwa mvua haipatikani kwa mwanamume peke yake: watawala wa mvua ni wawili, mwanamume na mwanamke. Mamlaka ya ibada ya mwanamke, kwa hiyo, si kitu cha ajabu katika ukanda huu. Kinachomtenga Liti ni kwamba neno na tendo kwake havikuachana. Hakusema jambo ambalo Themistocles fulani angelifasiri barazani. Alisema, na nyuki wakaenda.

Kwa sababu hiyo naona jina la nabii halimfai, ingawa linakusudiwa kumtukuza. Nabii hupeleka neno la mwingine. Utabiri ni kauli juu ya jambo litakalotokea pasipo mnenaji. Amri ni kauli inayolifanya litokee. Uhakiki unaomwita Liti nabii unamshusha bila kukusudia, kwa kuwa unamtoa katika nafasi ya mtenda na kumrudisha katika nafasi ya mjumbe.

Pamoja na hayo, simulizi ina pengo ambalo sifa haziwezi kuliziba. Nyuki wamesalimika katika kumbukumbu; maneno ya Liti hayakusalimika. Tunajua aliamuru, lakini amri yenyewe haisomeki popote katika masimulizi yanayosambaa kwa Kiswahili. Aristonice alipokonywa maana ya maneno yake, lakini maneno yalibaki. Kwa Liti, maana imebaki na maneno yamekwenda.

Kiti mwanamume

Tukirudi kwenye tamthiliya ya Kiswahili, jambo la kushangaza ni kwamba maelezo kamili zaidi ya hali ya Pythia yamewekwa juu ya mwanamume. Kinjeketile wa Hussein anazama mtoni, anatoka akiwa amepagawa na Hongo, na ananena. Katika unenaji huo linatoka neno la umoja na neno la maji, lakini pia ahadi kuwa watu watakuwa wana wa Seyyid Said. Akili yake inaporejea, yeye mwenyewe anashtuka: anaona kuwa neno limewapeleka watu kutoka kwa mtawala mmoja hadi kwa mwingine. Anajaribu kulizuia na hawezi. Limeshakuwa kubwa kuliko yeye. Wapiganaji wameshalifasiri kuwa ni vita. Huyu ni kiti aliyezinduka na kukuta nyumba imeshahamwa.

Uhakiki umeandika mengi kuhusu Kinjeketile na Kitunda, imani na mashaka, kiongozi na umma. Nafasi ya wanawake wawili wanaofungua mchezo, Bi Bobali na Bi Kitunda, hutajwa kwa sentensi moja au mbili, kwa kawaida kama njia ya kuonesha njaa na dhuluma. Naona wanafanya zaidi ya hapo. Wao ndio wafasiri wa kwanza katika tamthiliya. Wanasoma uhaba wa chakula, wanasoma ukimya wa nyumba ya Kinjeketile, na wanauliza maana ya mwenendo wake kabla ya mwanamume yeyote kumwuliza. Mara neno linapotoka mtoni na kuwa mali ya mkutano, sauti zao zinafifia, na ufasiri unahamia kwa wanaume wenye silaha. Hussein hakulifanya jambo hilo kuwa mada, na si haki kumdai. Lakini mpangilio wa maonyesho umelihifadhi.

Mwisho wa mchezo unamtenganisha Kinjeketile na Pythia. Akiwa kifungoni anatakiwa kusema kuwa maji yalikuwa uongo. Anakataa, ingawa anajua mashaka yake kuliko mtu yeyote. Kwa kukataa huko anaamua, kwa mara ya kwanza, neno lake litabaki na maana gani kwa watakaokuja baada yake. Nafasi hiyo, ya mtabiri kuulizwa hadharani kuhusu neno lake na kujibu kwa jina lake, ndiyo ambayo Aristonice hakupewa.

Mkalimani katika kiambatisho

Swali la nani mwenye neno halimalizikii katika matini za kale. Tasnifu za fasihi simulizi za ukanda huu hutegemea usaili, na mara nyingi msailiwa ni mwanamke mzee anayesimulia kwa Kigogo, Kinyaturu au Kirangi, mtafiti akisaidiwa na kijana wa kijijini anayetafsiri. Kinachoingia katika kiambatisho ni Kiswahili peke yake. Tazama kinachotokea katika nafsi ya kitenzi: bibi alisema "nilimwona", mkalimani akasema "anasema alimwona", na mtafiti akaandika "inaaminika kuwa alionekana". Katika hatua mbili nafsi ya kwanza imekuwa ya tatu, kisha imekuwa si ya mtu. Huo ndio mwendo uleule wa Delphi katika Mfalme Edipode, ambamo Creon analeta neno lisilo na kinywa.

Wakati mwingine, kama ilivyokuwa kwa Cassandra, bibi huyo anakijua Kiswahili vizuri, na hakuna aliyemwuliza. Wakati mwingine yeye ndiye anayependelea lugha yake, na kwa sababu nzuri. Katika hali zote mbili mtafiti anaweza kuchapa maneno ya asili ukurasa wa kushoto na tafsiri ukurasa wa kulia, na kumrudia msimulizi na tafsiri hiyo kabla ya kuiwasilisha, ili aseme kama ndicho alichokikusudia. Gharama yake ni safari moja zaidi na kurasa chache. Ikiwa bado wapo wazee wa Singida waliosikia kwa bibi zao kile hasa Liti alichowaambia nyuki, basi kinapaswa kuandikwa kwa Kinyaturu, katika nafsi ile waliyoisikia, na katikati ya ukurasa.